Magnolia Niliyoiotesha kwa Barua

Jumatatu, 20 Aprili

Dada Nurjehan kapiga simu kutoka Mwanza saa kumi na mbili alfajiri. Kwake ni mchana. Hajawahi kukubali kwamba saa zinaweza kutofautiana kati ya ndugu wa tumbo moja.

Habari si nzuri. Jicho la kulia lilishazimika mwaka juzi. La kushoto lina mtoto wa jicho, na Jumatatu ijayo wanalipasua. Daktari hakumficha: linaweza kupona, linaweza pia kuzimika moja kwa moja. Nikamwambia atapona, inshallah. Akasema inshallah, lakini yeye si mtoto mdogo. Kama ndio mwisho wa kuona, kuna kitu kimoja anataka akione kabla. Bustani yangu. Ule mti wa magnolia ukiwa na maua, na yule ndege mwekundu juu yake. Namsimulia miaka nenda rudi, hajaona hata picha moja. Nimtumie kabla ya Jumapili.

Nikasema bila shaka. Nilisema haraka mno, kama kawaida yangu.

Tatizo ni dogo. Sina bustani.

Nakaa Thorncliffe Park, huku ng'ambo kwenye baridi, ghorofa ya kumi na nne. Vyumba viwili, na kibaraza cha nje chenye kiti kimoja na ufagio. Niko hapa tangu 1989. Wiki ya kwanza nilimwandikia dada kwamba tumepata nyumba yenye kabustani. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Yeye ndiye aliyebaki na duka ili mimi niende. Sikutaka alale akiniwaza nimening'inia hewani kama nguo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, mita mbili kwa tatu. Halafu akawa anaiulizia! Mwaka 1991 nikapanda magnolia, kwa barua. Mwaka 1997 nikaipogoa. Mwaka 2003 ikapata ugonjwa wa majani, dada akaiombea dua jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, siku saba. Ikapona.

Redio inasema baridi inarudi usiku wa Alhamisi. Nyuzi sita chini ya sifuri. Maua yote ya mji huu yamebakiza siku tatu, na mimi vilevile.

(Naandika Kiswahili kwa sababu za usalama. Mke wangu Shenaz ni mzaliwa wa Karachi. Kiswahili chake kinaishia kwenye "basi" na "pole pole".)

Jumanne, 21 Aprili

Mpango wa kwanza. Safi, hauna jasho.

Kundi la familia la WhatsApp. Kila alfajiri jamaa wote, kutoka Mwanza hadi Leicester, wanatumiana maua yenye maandishi ya asubuhi njema. Hakuna anayeyasoma, hakuna anayethubutu kuacha kuyatuma. Nimepekua saa nzima. Nimeipata! Magnolia, ndege mwekundu, kikombe cha chai, na juu yake kwa rangi ya njano: Asubuhi Njema, Mola Akutangulie. Nikayakata maandishi. Nikamkata Mola. Nikakata na chai, karibu yote. Nikaituma saa mbili.

Dakika nne tu, simu. Dada kasema picha ni nzuri sana, ila ni ile aliyonitumia yeye mwenyewe siku ya Idi. Kaisogeza simu mpaka puani, kakitambua kikombe chake kwa rangi, nusu yake bado iko pembeni. Akauliza kama nilichukizwa nayo, mbona namrudishia. Nikasema nilikuwa napima mtandao. Akasema mtandao uko vizuri.

Mpango wa pili, saa nane mchana. Maua ya plastiki kutoka duka la vitu rahisi, nikayafunga kwenye ufagio. Ufagio nikausimamisha kibarazani. Mtama nikaumwaga kwenye ukingo. Ndege mwekundu akipita, ataona, atashuka.

Walikuja njiwa. Arobaini hivi. Mmoja alinikalia kichwani bila hata kusalimia. Mtama ukamwagikia ghorofa ya kumi na tatu, na nguo za watu.

Akapanda Bonaventure, msimamizi wa jengo, mtu wa Lubumbashi, mpole sana. Kasema Papa Rahemtulla, kulisha ndege hapa ni interdit, marufuku, na imebandikwa kwenye lifti kwa lugha tano. Ndiye mtu pekee jengo zima ninayeongea naye Kiswahili, basi nikajikuta nimemweleza kisa chote. Alisikiliza ameuegemea ufagio wangu wenye maua. Mwisho akasema nimwambie tu yule mama ukweli, ukweli ni kitu ya bure, na kusema uongo miaka yote hiyo ni kazi nguvu kuliko kufyeka bustani yenyewe.

Nimeuandika ushauri wake hapa nisije nikausahau. Mtu mzuri, lakini hana uzoefu.

Jumatano, 22 Aprili

Mpango wa tatu. Ulipaswa kuwa wa kwanza, ila unamhusu shemeji yangu.

Zameer ni kaka yake Shenaz. Daktari wa meno mstaafu. Ana nyumba Don Mills, ana bustani, ana magnolia. Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma: magnolia ninayomwandikia dada siku zote ni ya Zameer. Kule kuipogoa mwaka 1997 alikufanya yeye. Ule ugonjwa wa majani ulikuwa wake.

Ana pia kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, na kila picha anayopiga anaiandika jina lake chini kwa herufi za dhahabu. Kila picha! Keki yangu ya kutimiza miaka sabini imeandikwa Zameer. Kwa hiyo apige mwenyewe haiwezekani. Ilibidi nipige mimi, na simu yangu.

Nikapanda basi na sambusa ishirini za Shenaz. Nikaomba dakika kumi za bustani. Akauliza za nini. Hapo ndipo nilipokwama. Nikimweleza Zameer, atamweleza mkewe Nilofar. Nilofar akijua, kabla ya magharibi jamatkhana nzima imejua, na kundi la familia limejua, na dada yumo kwenye kundi.

Nikasema klabu ya wazee ina shindano. Picha za bustani.

Lo! Ningeng'ata ulimi. Uso wa Zameer ulibadilika palepale. Akauliza mwisho wa kupokea picha ni lini. Akauliza majaji ni nani, na kama lenzi ndefu zinaruhusiwa. Kisha akasema haki bin haki, kila mshindani apige bustani yake. Akanishika kiwiko akanisindikiza mpaka mlangoni. Sambusa zikabaki.

Nikasimama kituo cha basi, mkabala na uzio wake. Nikauona mti. Umejaa maua ya waridi mpaka matawi hayaonekani, na ndege mwekundu yuko kileleni anapiga mbinja, mchana kweupe, hana mpiga picha. Nikamfikiria dada kaketi Mwanza, simu mkononi, anasubiri. Roho iliniuma. Mabasi mawili yalipita sikuyapanda.

Alhamisi, 23 Aprili

Leo ndiyo leo.

Kila Alhamisi, saa nne hadi saa tano, Zameer ananyooshwa goti kliniki, na Nilofar ndiye anayemwendesha. Lango la bustani halina kufuli. Nilikuwa na simu, mfuko wa mtama, na bati la chevda ambalo Shenaz kanipa nimpelekee Nilofar. Siku mbili kaikaanga: karanga, dengu, viazi vya nyuzi, na pilipili kichaa kwa kipimo cha mama yake. Kwa hiyo nilikuwa na sababu halali ya kuingia. Mimi si mwizi.

Saa nne na dakika tano nikamwaga mtama chini ya mti. Wakaja kindi sita, weusi, wanene, hawana haya. Waliumaliza kabla sijafunga vifungo vya koti. Mmoja akasimama kwa miguu miwili, akanichungulia mfukoni.

Nilibaki na chevda tu. Nikawaza sana, karibu sekunde tatu. Nikafungua bati nikarusha konzi.

Kindi mkubwa akadaka. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Akajifuta mdomo kwenye majani, kushoto, kulia, kisha akakimbia, na wenzake wote nyuma yake!

Na papo hapo akashuka. Ndege mwekundu! Wenyewe wanamwita kardinali. Akala chevda ya Shenaz kama mtoto aliyezaliwa Makoroboi, kule kwetu Mwanza. Kumbe ndege hawasikii pilipili. Miaka sabini na moja niko duniani sikujua. Nikamwongeza konzi, akala. Nikamwongeza nyingine. Bati likaisha. Akaruka, akatua kwenye tawi la chini, katikati ya maua, jua nyuma yake. Hata kwenye barua zangu sikuwahi kumweka vizuri vile.

Nikabonyeza.

Simu ikasema nafasi imejaa. Futa baadhi ya picha.

Elfu nne na mia mbili! Zote za asubuhi njema! Nikaanza kufuta. Mawaridi ya shangazi, futa. Machweo ya binamu wa Leicester, futa. Nikifika kwenye za dada mkono unagoma. Zina jina lake, na moja inasema "usisahau kula". Hizo nikaziruka. Kuruka nako kunachukua muda. Nilipofika Machi 2024 ndege alishaondoka zake, na Zameer alikuwa amesimama nyuma yangu. Kliniki walimwahirisha.

Akauliza nafanya nini. Nikatazama mti, nikatazama mbingu. Nikasema baridi inakuja usiku, nimekuja kuufunika mti wako, undugu ni kufaana.

Zameer akatokwa na machozi. Kweli kabisa. Akaomba msamaha kwa ya jana, akasema yeye ni mtu mdogo wa roho na mimi ni mtu mkubwa. Kisha akanipa ngazi.

Saa tatu nzima! Shuka zake hazikutosha. Ikabidi nimpigie Shenaz alete lile sanduku la kanga. Dada huzituma kila akipata msafiri. Shenaz hajui kuzifunga na hajui kuzikataa, basi tunazo jozi kumi na nne. Alikuja nazo. Akaliona bati tupu. Hakusema neno, na mwanamke yule ana lugha nne za kusemea.

Saa kumi jioni mti wote ulikuwa umefunikwa gubigubi. Hakuna ua hata moja linaloonekana. Fundo la mwisho nililifunga mimi.

Ijumaa, 24 Aprili

Theluji. Kimo cha kidole.

Saa mbili asubuhi niko Don Mills. Mpango: kufunua tawi moja, kupiga, kuondoka. Zameer kanifungulia dirisha la juu, kavaa pajama, kipara wazi, ananielekeza kwa kidole, nianzie kulia.

Kanga zimekakamaa kama papari za kukaanga. Nikavuta ya kwanza. Ikaja na maua yote. Tulizifunga zikiwa zimegusa petali, na usiku vimegandana. Chini yake tawi tupu, na maua yenyewe yamekuwa kahawia kama majani ya chai iliyokwisha kuchujwa. Nikavuta ya pili. Ya tatu. Shuka. Vilevile. Zameer alikuwa anapiga kelele dirishani, kisha akabaki kuninyooshea kidole. Nimeutunza mti ule kwa maneno miaka thelathini na tano, na nimeuua kwa mikono yangu siku moja.

Kileleni ilibaki kanga moja, sikuifikia. Nyeupe, yenye maua makubwa ya waridi.

Ndipo akaja. Ndege mwekundu. Akatua juu ya ile kanga, akanitazama chini, anatafuta chevda.

Simu safari hii ilikuwa na nafasi, shukrani kwa shangazi. Nikapiga moja. Nikapiga kumi na moja. Nikaitazama kwa mbali, nikaukunja uso, nikafumba jicho la kulia kama alivyo dada. Waridi. Nyekundu. Magnolia! Naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi. Nikaituma palepale, miguu ndani ya theluji.

Dada alipiga. Akalia. Kasema kwake yote ni ukungu, lakini wekundu anauona, na rangi ya waridi anaiona, zinatosha. Jumatatu ikiwa giza, ataingia gizani na rangi hizo mbili.

Nikaketi kwenye ngazi ya Zameer nikalia. Naandika hivyohivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nina dada mmoja tu.

Zameer akauliza kutoka juu kama nadhani kwenye shindano bado tuna nafasi.

Jumatatu, 27 Aprili

Wamempeleka. Tangu hapo simu kimya. Shenaz kanishika bega kupita, ingawa suala la chevda halijafungwa.

Nimekutana na Bonaventure kwenye lifti. Kauliza kama nimeusema ukweli. Nikamwambia bado natafuta nafasi. Kasema ataniombea na mimi pia.

Nimeweka nadhiri. Nimeisema kwa sauti, kibarazani, mbele ya njiwa. Jicho likipona, nitamwambia dada ukweli wote. Ghorofa, njiwa, barua, magnolia, yote.

Jumatano, 29 Aprili

Limepona!

Wamefungua bendeji jana. Anaona sisimizi ukutani, anaona vumbi juu ya kabati, ameshamgombeza msichana wa kazi. Nimeruka jikoni mpaka jirani wa chini kagonga dari. Alhamdulillah, alhamdulillah.

Kisha akasema kitu cha kwanza alichoomba apewe ni simu, aione vizuri picha yangu.

Ee Mola. Hili sikulipangia. Picha yote niliipangia jicho bovu.

Akasema ndege ni mzuri kupita nilivyomsimulia. Akasema ila maua yangu yana maandishi. Akanisomea, polepole, kwa raha ya mtu anayesoma tena: Usisafirie nyota ya mwenzio. Akasema kanga hiyo anaijua, aliinunua yeye mwenyewe. Nikamwambia tuliufunika mti kwa sababu ya baridi. Ni kweli kabisa! Nilihesabu, ndilo neno la kweli la kwanza kuhusu bustani ile tangu 1989. Nikajisikia mwepesi.

Dada akasema kuna kitu kingine. Pale nyuma, dirisha la juu la nyumba yangu, kuna mzee mwenye kipara, kavaa pajama, ananyoosha kidole kama vile mti ni wake. Ni nani huyo?

Halo, nikasema, halo.

Akaniita Rahemu. Hajaniita hivyo tangu nikiwa na suruali fupi. Akasema, Rahemu, niambie tu, mimi ni dada yako, sitakasirika. Akangoja. Mlango uko wazi, mpana, na nadhiri yangu imesimama pembeni inanishikia.

Nikasema ni mpangaji.

Nikaongeza kwamba ni mzee mmoja hana watu, goti bovu, akili imeanza kumpotea kidogo, mara nyingine anadhani nyumba ni yake. Tunamhurumia.

Dada akasema nina moyo kama wa marehemu baba. Na kwa kuwa sasa Mungu kamrudishia jicho, Agosti anakuja mwenyewe kuiona bustani, fomu za viza binamu wa Leicester atamsaidia kujaza. Yule mpangaji tumtafutie pengine kwa wiki mbili. Yeye angependa chumba kile, chenye dirisha.

Nikasema karibu sana, dada. Karibu nyumbani.

Nimeketi, nimefikiri kwa utulivu. Nadhiri ilisema nitamwambia ukweli. Haikusema mwezi gani.

Saa moja usiku nimempigia Zameer. Nimemwambia matokeo ya shindano yametoka na yeye ndiye mshindi. Zawadi ni safari, yeye na Nilofar, wiki mbili, Agosti, na nyumba nitawalindia mimi. Kapiga ukelele wa furaha, kamwita mkewe, wote wawili wakaanza kulia simuni. Kauliza ni safari ya wapi. Nikamwambia bado wanaificha, iwe mshangao.

Sasa naitafuta safari.